Jina la Mtu Aliye Hai

Jumapili, mwezi wa saba. Asubuhi.

Baridi ya huku Kimbo, mwenye kuijua anaijua. Manyunyu yalianza alfajiri na mpaka sasa hayajaamua kama ni mvua au ni ukungu tu wa kusumbua watu. Kanisa la mabati nyuma ya ploti yetu limeshaanza nyimbo na mpiga ngoma wao leo ameamka na nguvu. Nilipaswa kuwa huko. Niko kitandani na soksi pea mbili, na chai imepoa nikiiangalia.

Sina huzuni. Ningekuwa na huzuni ningeshukuru. Sina kitu.

Juzi mamangu alinipigia simu kutoka Gatundu kuniambia ng'ombe wetu amezaa, ndama jike, na kwamba nusura wampoteze. Nikasema, "Sawa." Kisha akauliza, "Sawa? Basi?" Nikamwambia niko kazini, nitampigia. Nilikuwa nimeketi kwenye kochi nikimenya parachichi.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, Thika. Hospitali siitaji, na majina yote humu nimeyabadilisha, hata lile jina ambalo ndilo shida yenyewe. Hali hii ilianza baada ya mwalimu mmoja kutufia kwenye kitanda cha dirishani. Wanafunzi wake walikuwa wakimtumia nyimbo kwenye simu na sisi tukimwekea sikioni. Alipoondoka nilimwosha, nikamfunika, nikaenda chumba cha chai nikala chapati. Ilikuwa chapati nzuri, laini. Nilikula ya pili. Tangu siku hiyo nangoja nilie na sijalia.

Sasa kitanda hicho cha dirishani kina Everline.

Everline anashona mashati kiwandani Ruiru, ana binti mdogo anayeitwa Wambui, na alikuja kwetu baada ya kujifungua binti wa pili. Homa ya mapafu ilimshika akiwa na mimba kubwa, mtoto akatolewa kwa upasuaji, na baada ya hapo mapafu ya mama yakakataa kazi. Ile mashine ya kawaida ya kupumulia ilisukuma hewa ikashindwa. Ikabidi aunganishwe na ile kubwa.

Ile kubwa sisi tunaiita Mgeni. Unaipa nafasi nzuri kuliko ya mwenye nyumba, huipi kisogo hata kidogo, na kila siku unaomba iende kwao. Mpira mmoja mnene unatoa damu kwenye paja ikiwa nyeusi nyeusi, damu inapita kwenye pafu la plastiki ambako inapewa oksijeni, kisha mpira mwingine unairudisha shingoni ikiwa nyekundu ya kung'aa. Kazi yangu ni kuilinda hiyo mipira. Namulika pafu la plastiki kwa tochi nikitafuta damu iliyoganda. Tukimgeuza Everline tunakuwa watu watano, na mmoja wetu hafanyi lolote ila kushika mipira na kuomba Mungu kimoyomoyo.

Kuna sheria nyingine ambayo haijaandikwa ukutani. Mgonjwa aliyelazwa usingizi wa dawa lazima aongeleshwe. Unamwambia wewe ni nani, ni asubuhi au jioni, kwamba sasa unamgeuza, kwamba sindano itachoma kidogo. Zamani niliifanya kwa moyo, hata mzaha nilikuwa natia. Siku hizi nasema maneno yaleyale kama ile sauti ya simu inayokuambia salio lako halitoshi. Mwenzangu Mwende aliwahi kuniangalia nikisema, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake.

Haya. Sasa jambo la jina.

Mume wa Everline anaitwa Kamau, fundi wa kuchomelea mageti huko Mwiki, ana vidoa vya moto mikononi mpaka kwenye viwiko. Ni Mkikuyu kama mimi. Kwetu majina hayasumbui mtu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, ndiyo maana Wambui ni Wambui. Binti wa pili ni wa mama ya mke. Huulizwi, hupigi kura. Kwa hiyo katoto kale, ambako kako Kamenu kwa mama yake Kamau kakinywa maziwa ya kopo, kalikuwa na jina kabla hakajafungua macho. Ni Ayuma, jina la mama yake Everline.

Mama Ayuma alikuja huku kutoka pande za Kakamega akiwa msichana, akachuma kahawa kwenye mashamba ya Ruiru, akazaa, akafiwa na mume, akabaki. Ni mama mrefu mwenye kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Tangu binti yake aletwe ameishi kwenye benchi la korido yetu. Walinzi wameshachoka kumfukuza na sasa wanamletea chai.

Alhamisi Kamau aliniambia kwamba amechagua siku ya kuwaita wazee na kutangaza jina. Nikaona hapo pana nafasi ya kuonekana mtu. Furaha yenyewe haikuja, kwa hiyo niliiigiza. Nilitoka mbio kwenye korido, nikamshika Mama mikono yote miwili, nikasema kwa sauti kubwa, "Mama, pongezi! Umezaliwa!"

Kwetu ndivyo tunavyosema. Cucu, yaani bibi, akipewa mtoto wa jina lake, amezaliwa tena, na anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

Mama Ayuma hakucheka. Alitoa mikono yake kwenye yangu taratibu, akaketi. Uso ulikuwa umebadilika rangi. Nilidhani ni pressure.

"Nani amesema hiyo jina?" akauliza.

"Kamau, Mama. Si ndiyo desturi."

"Sista," akasema, "wewe ni mtoto mzuri, kaa hapa." Nikakaa. "Mimi bado natembea. Kwetu jina inapewa mtoto mwenyewe akishaenda. Ndiyo arudi kwa huyo mtoto. Sasa ukipatia mtoto jina na mwenye jina bado anakunywa chai, hapo unaambia nani aondoke?"

Nilimwambia kwamba mimi pia nina jina la cucu yangu, na cucu aliishi mpaka akaniona nimevaa sare ya uuguzi.

"Huyo alikuwa wa kwenu," akasema. Halafu akanishika goti. "Usiambie Kamau. Ataona sisi ni watu wa uchawi, na mimi nimeokoka. Mwambie tu nimekataa."

Nilimwambia Kamau tu kwamba amekataa. Kijana wa watu aliumia mpaka nikaona haya.

"Sista, sielewi," alisema. "Mimi namheshimu, ndio maana nataka jina lake. Ningekuwa namdharau si ningeruka? Ama hanitaki juu ya mimi kuwa Mkikuyu?"

Nikasema Mama amechoka tu, ampe muda. Kwa hiyo huyu aliona ametukanwa, yule aliona anachimbiwa kaburi, na mtoto akaendelea kuitwa katoto. Mimi niliyejua pande zote mbili nilirudi kwenye mashine nikamulika tochi. Sikujisikia vibaya. Niliona kwamba nilipaswa kujisikia vibaya, nikaliweka kando pamoja na mengine.

Jana ilikuwa siku ya jaribio.

Jaribio ni hivi. Damu inaendelea kuzunguka kwenye mipira, lakini oksijeni ya Mgeni inafungwa kabisa. Mapafu ya mgonjwa yanabaki peke yake na kazi yake, pamoja na msaada mdogo wa ile mashine ya kawaida. Kama yameamka, tunaona. Kama hayajaamka, tunaona pia, na upesi. Everline alikuwa amejaribiwa siku chache nyuma na hakuweza hata kidogo. Pafu la plastiki lilikuwa limeshabadilishwa na hilo jipya nalo lilikuwa limeanza kugandisha damu pembeni. Mgeni hakai milele. Daktari wetu, mwanamke mfupi asiyependa maneno, alisema wakati wa raundi, "Akishika, Jumatatu tunatoa mipira. Asiposhika, tutaongea na familia."

Kuongea na familia ni kile chumba cha viti laini mwisho wa korido. Kina boksi la tishu mezani na picha ya maua. Kila mtu anayekaa kwenye benchi letu kwa siku kadhaa huwa ameshaelewa kile chumba ni cha nini. Mama Ayuma alikuwa ameona watu wakiingia humo wakitembea na wakitoka wakishikiliwa.

Kabla ya jaribio tuliwaruhusu waingie, Mama na Kamau. Mama aliosha mikono kama anayejiandaa kukanda unga, mpaka kwenye viwiko. Akavaa gauni la plastiki, akasimama miguuni pa kitanda, akashika unyayo wa binti yake. Hakuangalia mipira. Aliangalia uso tu, kwa muda mrefu, mpaka Mwende akanionyesha saa.

Kisha akasema bila kugeuka, "Kamau."

"Naam, Mama."

"Mpeni mtoto jina langu."

Kamau alinigeukia mimi, kana kwamba nimtafsirie.

"Ayuma," akasema Mama. "Mpeni leo. Piga simu waite sasa hivi, kabla hawa hawajafunga hiyo kitu."

Sikuwahi kuona mwanamume mkubwa akifurahi hivyo ndani ya chumba kile. Alimwinamia, akasema asante, asante Mama, akatoka kwenye korido na simu, na tukamsikia mpaka ndani akimpigia mama yake Kamenu. "Amekubali! Ni Ayuma! Mwite sasa, mwite mbele ya watu!" Na kutoka kwenye ile simu vigelegele vikaja, vya cucu wa Kamenu na sijui majirani gani, mpaka mlinzi akamwomba apunguze sauti.

Yeye alijua mama mkwe wake amempenda. Mwende alijua familia imepatana. Daktari alijua wanatuchelewesha.

Mimi nilijua alichofanya.

Aliona kiti kimoja cha walio hai, akaona wanakigombania wawili, yeye na binti yake, akasimama yeye. Hakulia wala hakueleza. Aligeuka akaniangalia, akajua kwamba najua, na akaniomba kitu kimoja.

"Sista, mwambie wewe. Wewe ndiye anaongea na yeye kila siku. Sauti yako ataijua."

Kuna kitu ningependa kukikana hapa na siwezi. Sauti yangu. Ile ya salio halitoshi. Hiyo ndiyo aliyoona binti yake ataijua.

Niliinama. Nikasema, "Everline, ni mimi, sista wako. Ni asubuhi. Mtoto wako ni mzima. Anaitwa Ayuma." Na kwa kuwa hilo halikutosha, na kwa kuwa mama yake alikuwa amesimama pale, nikaongeza, "Mama yako ndiye amempa." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Sauti ilitoka na mkwaruzo, nikakohoa kuificha.

Hakufungua macho wala hakunifinya mkono. Hayo ni ya sinema.

Wakatoka. Daktari akasema, "Funga," na mimi ndiye niliyezungusha ile koki ya oksijeni mpaka mwisho.

Ukifunga, jambo la kwanza unaloona ni rangi. Mpira wa shingoni unaacha kung'aa, unafifia, na baada ya muda mfupi mipira yote miwili ina rangi moja na huwezi kusema ipi inatoka na ipi inarudi. Hapo ndipo unajua kwamba mashine imenyamaza na aliyebaki kazini ni mtu. Nilitazama namba ya oksijeni. Ikashuka. Ikashuka tena. Daktari akakunja mikono kifuani, na anapokunja mikono sisi tunamjua. Mwende akaacha kuchora kwenye chati.

Kisha namba ikakaa.

Ilikaa pale ilipo, ya chini lakini si ya kutisha, na kifua cha Everline kikawa kinapanda na kushuka kwa kazi yake chenyewe. Tulingoja. Tulipima damu, tukangoja, tukapima tena. Chakula cha mchana kikapita hakuna aliyekwenda. Mchana wote Mgeni alizungusha damu bila kuipa chochote, na alasiri daktari alikunjua mikono akasema, "Ameshika. Jumatatu asubuhi, tukiwa wote." Mwende alirukaruka kidogo pale alipo, kama msichana. Nikasema, "Sawa."

Nikaenda kuwaambia. Kamau alishika ukuta akalia waziwazi. Mama Ayuma alikuwa kwenye benchi lake. Aliposikia alifumba macho, akasema neno moja la kwao, na akaanza kukunja ile shuka ndogo anayojifunika usiku, kona kwa kona, vizuri kabisa, kama mtu anayemwachia mwenzake kitanda.

Hiyo shuka ndiyo iliyonitisha. Nilimwomba nimpime pressure. Akanipa mkono bila ubishi. Nikampima, nikampima tena mkono wa pili, nikasikiliza na moyo kwa kuwa nilikuwa na kifaa shingoni.

"Mama, uko sawa kabisa," nikamwambia. "Pressure ni ya msichana."

"Najua, sista. Siumwi." Akanipigapiga mkono, kama mimi ndiye mgonjwa. "Hata mimi sijaambiwa ni lini."

Jioni mama yake Kamau alimleta mtoto mpaka getini, kwa kuwa ndani haruhusiwi. Nilikuwa namaliza shifti, nikashuka nao. Nyumba nzima ya Kamenu ilikuwa imekuja, na blanketi tatu, na Wambui, dada mkubwa, akiruka maji ya mvua na viatu vya kanisa, akimwita bibi yake kwa lugha ya Kakamega, "Kukhu! Kukhu! Anaitwa kama wewe!"

Kumbe Mama Ayuma hakuwa amemshika yule mtoto tangu azaliwe. Hakuna aliyekuwa amegundua. Kila mtu alidhani ni kwa sababu ya kukaa hospitalini. Sasa alimpokea, akafunua blanketi usoni, akamwangalia kwa makini kama unavyomwangalia mtu unayemkabidhi nyumba. Nilikuwa karibu. Nilimsikia vizuri.

"Ayuma," akamwambia. "Umefika? Nilikuwa nakushikia tu."

Kama watu wanavyoshikiana nafasi kwenye foleni ya benki.

Kamau alicheka kwa furaha. Wote walicheka. Cucu wa Kamenu akamkumbatia akimwita dada. Mimi niligeuka nikarudi ndani nikiwaambia nimesahau mwavuli, na mwavuli ulikuwa mkononi. Niliingia choo cha wafanyakazi, nikafungulia bomba, nikashika sinki. Machozi hayakuja. Lakini kitu kilikuwepo, kizito, kinauma, na nilikuwa nimesahau kabisa jinsi kinavyouma. Nilisimama pale nikakiacha kiume mpaka mtu akabisha mlango.

Kamau sijamwambia. Sitamwambia. Acha awe na furaha yake, ni ya kweli. Na Mama hakufanya vile ili ashukuriwe.

Asubuhi hii, kabla ya kuandika, nilimpigia mamangu Gatundu. Nikamuuliza ndama anaendeleaje.

"Haiya! Leo ndio umeuliza?" Bado amenuna. Lakini akaniambia. Ni mwekundu, ana doa jeupe usoni, ananyonya vizuri, amempiga baba teke. Nilimwacha aseme yote. Kisha nikamuuliza kama cucu aliogopa siku niliyopewa jina lake.

"Aogope nini?" akasema. "Alileta kuku."

Nikacheka. Nilishtuka kujisikia.

Kanisani wameshafika kwenye mahubiri, mpiga ngoma amepumzika. Manyunyu bado. Nimekunywa ile chai hivyo hivyo ikiwa baridi, na nilisahau kuweka sukari, na safari hii nimegundua.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nilimpima mwenyewe, mikono yote miwili. Moyo wake niliusikiliza na masikio yangu haya, na hauna kasoro hata moja. Kila nilichosomea kinaniambia yule mama ataishi mpaka Ayuma mdogo aanze kumjibu vibaya.

Kesho tunatoa mipira. Daktari ametaka tufike mapema, sote, na kila mtu ana nafasi yake pale kitandani. Yangu ni shingoni.

Lakini najijua. Nikipanda ngazi kesho, kabla ya kitanda, kabla ya Mgeni, kabla hata ya kuosha mikono, nitaangalia kwanza lile benchi.